Nusa Kibuyu Kwanza

Mimi kompyuta sikuletewa, niliipigania. Naanza hapo kwa sababu siku hizi kila mtu wa rika langu hapa Isiolo, ukimwuliza, atakwambia alikuwepo ilipofika, aliigusa, aliijua. Uongo mtupu. Ilipofika, miaka ya themanini ikiwa imeshapita katikati, wanaume wazima na ndevu zao waliizunguka kwa mbali kama ng'ombe walioona nyoka. Mkubwa wetu wa ofisi akauliza nani yuko tayari kwenda Nairobi kujifunza kuitumia. Wote wakatazama viatu vyao. Nikainua mkono. Nilikuwa taipisti, msichana wa Kiborana wa miaka ishirini na kitu, na mdomo wangu ulikuwa unajulikana kutoka sokoni mpaka kizuizi cha polisi.

"Wewe?" mkubwa akasema.

"Kwani huu mkono ni wa nani?" nikamjibu.

Basi wakanipeleka. Majirani zangu wa Bulla Pesa walinisindikiza hadi kwenye basi wakinipungia mikono na kupiga kelele, "Utusalimie Kenya!" Ndivyo tulivyosema wakati ule. Mtu akienda kusini, anakwenda Kenya, na sisi tuliobaki hatukujua tuko nchi gani. Nikajifunza, nikarudi na cheti changu, nikapewa chumba cha pembeni chenye pazia zito na kiti chenye magurudumu. Wenzangu wakaanza kuniita daktari wa sanduku. Walikuwa wananicheka, lakini mimi nililipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Aba, yaani baba yangu, alikuwa kule Korbesa, upande wa Merti, na ng'ombe wake. Mama alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na aba alikuwa ameanza kuchoka kujibu maswali ya watu kuhusu binti yake aliyeko mjini. Alikuja Isiolo na mafahali wa kuuza, akapitia kwangu, akakaa kwenye mkeka na kikombe chake cha chai.

"Nasikia wewe unakaa na sanduku," akasema.

"Ndiyo, aba."

"Inakulisha?"

"Inanilisha, aba."

Akanywa chai yake yote kabla hajasema tena. "Sawa. Kaa nayo. Lakini siku hiyo sanduku ikikukataa, unarudi nyumbani. Kuna mtu ameuliza juu yako."

Huyo mtu nilimjua. Alikuwa na ngamia wengi, na wake wawili, na kikohozi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwita babu. Aba hakuwa mtu mbaya, na sipendi mtu amfikirie hivyo. Alikuwa amenipa kamba ndefu kuliko baba yeyote niliyemjua, lakini kamba ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa ni ile kompyuta.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa visima. Kazi ya kompyuta ilikuwa kupanga dizeli: kisima gani kina injini gani, kinakunywa kiasi gani, lori lianzie wapi ili ng'ombe wa watu wasife kiu lori likiwa bado linazunguka. Kazi hiyo kwa taipureta ilikuwa inanila wiki nzima na kunivunja kucha. Kwa kompyuta ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini ile mashine haikuwa kama hizi za leo. Ndani yake haikukumbuka chochote. Ukiizima jioni, inasahau hata jina lake. Asubuhi lazima uitie mdomoni diski, kile kibamba cheusi chembamba kilicholegea, iisome, ndipo ijue kwamba yenyewe ni kompyuta. Ilikuwa na midomo miwili, mmoja juu ya mwenzake, na wa juu ndio uliokuwa wa kuiamsha.

Na ilikuwa na bahati mbaya. Umeme wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka kama mgeni asiyejua adabu, na mara nyingi Nairobi walipotaka kitu walikuta tuko gizani. Wakachoka. Jumatatu moja mkubwa akaniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa Meru, mpole, mwoga wa barua. Mkononi alikuwa nayo moja.

"Mgeni anakuja Ijumaa kutoka makao makuu," akasema. "Akikuta mashine inafanya kazi, inabaki. Akikuta imelala, anaipakia kwa gari anaenda nayo. Wataipeleka ofisi ingine huko kwa lami."

"Na mimi?"

Akaangalia barua kana kwamba imeandika jibu. "Kiti yako ya taipureta ilishapewa mtu."

Nikarudi kwenye chumba changu nikaikodolea ile kompyuta macho. Wiki ile niliitunza kama mtoto mwenye surua. Kila jioni niliifunika, kila asubuhi iliamka bila shida, na Alhamisi nilipofunga mlango nilikuwa na hakika kwamba yule mgeni atakuja, ataona, atakunywa chai, ataenda zake. Nikalala usingizi wa watu wasio na deni.

Sasa lazima nikuambie kuhusu Ayeyo. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na ndivyo sote tulivyomwita yule mama mzee aliyefagia ofisi na kutupikia chai. Aliipenda ile kompyuta kuliko sisi sote. Aliishonea kifuniko cha kitambaa cha maua, kirefu mpaka chini ya meza, na marinda pembeni. Lawama yake ilikuwa moja tu, na aliirudia kila siku.

"Huyu mgeni wenu ananuka kiatu mpya," alikuwa akisema. "Nyinyi hamsikii?"

Tulisikia. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyopata joto. Tulimwambia ndivyo zilivyo, akasonya.

Ijumaa nikafika mapema, nimevaa gauni langu la sikukuu. Nikavua kile kifuniko cha maua, nikatia diski, nikafunga kile kikufuli cha mdomo, nikabonyeza swichi. Feni ikavuma. Taa ndogo ikawaka. Tarakimu za kijani zikapanda kiooni, ikalia ile tii yake ya kusema hujambo. Halafu mdomo wa juu ukaanza kusoma: krr, krr, krr. Kawaida ilikuwa krr mbili tatu basi. Siku hiyo iliendelea kukwaruza kama kuku anayetafuta punje jalalani, kisha ikanyamaza, ikaniandikia kwa Kiingereza chake kwamba hii diski siyo, niiwekee nyingine.

"Leo?" nikaiuliza. "Umekosa siku nyingine ya kunifanyia vituko?"

Nikaizima, nikaiwasha. Krr, krr, krr. Hii diski siyo.

Nilimwona yule mwenye ngamia wazi kabisa, ameketi mbele ya nyumba yetu, anakohoa. Nikamwita Mungu, halafu nikajikaripia, nikavuta kiti. Kule Nairobi mwalimu wetu alikuwa ametufundisha jambo moja la maana: usiruke. Anzia ukutani, umalizie mdomoni. Basi nikaanzia ukutani. Plagi imeingia sawasawa. Taa ya chumba inawaka, kwa hiyo umeme upo. Mshale wa stabilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme, umesimama mahali pake. Feni inazunguka, kwa hiyo umeme umefika ndani. Kioo kinaandika, kwa hiyo kioo ni kizima. Imehesabu tarakimu zake mpaka mwisho na kulia tii, kwa hiyo akili yake ni timamu. Kila kitu kizima mpaka nilipofika mdomoni.

Nikasema basi diski ndiyo mbovu. Nikachukua ya pili, ya akiba. Krr, krr, krr. Hii diski siyo.

Hapo mkubwa akaingia, shati limepigwa pasi, tai shingoni, tabasamu tayari. Akaona uso wangu, tabasamu likaanguka.

"Imekuwa nini?"

"Imekataa kuamka."

"Haki ya Mungu! Nipigie Nairobi."

"Mkubwa, kupiga Nairobi ni kumwomba opareta mpaka saa nane. Na huyo mgeni ameshatoka Nairobi, yuko njiani."

"Basi weka ile diski ingine. Ile mama."

Diski mama ilikuwa ile ya asili kutoka Nairobi, iliyowekwa kwenye mkebe wa biskuti ndani ya kabati lake. Zile nyingine zote tulikuwa tumezinakili kutoka kwayo. Akanikimbilia nayo, ameishika kwa vidole viwili. Nikaipokea, nikaitoa kwenye mfuko wake wa karatasi, nikaifikisha mpaka mlangoni mwa ule mdomo, na mkono wangu ukasimama wenyewe.

Nilikuwa nimemsikia mama yangu. Sisemi mzimu, msinielewe vibaya. Nasema sauti ile ile aliyonifinya nayo sikio nilipokuwa msichana mdogo kule Korbesa. Kwetu maziwa hukaa kwenye kibuyu, na kibuyu hufukizwa. Unachoma kijiti, unakitia ndani kikiwa na kaa, unatikisa, moshi unaingia mpaka kwenye ngozi ya kibuyu, na maziwa yanakaa siku nyingi na yanakuwa matamu. Lakini baada ya moshi lazima uchukue brashi ya nyuzi za mkoma upanguse masizi yote yatoke. Msichana mvivu huacha masizi. Mimi nilikuwa mvivu wa kutosha. Maziwa yaliganda vibaya, nikayamwaga, nikamimina mengine katika kibuyu kile kile, nayo yakaharibika, nikaanza kumtukana ng'ombe. Ndipo mama akanishika sikio.

"Maziwa ikiharibika usilaumu ng'ombe," alisema. "Nusa kibuyu kwanza. Na usimwage maziwa ya pili ndani ya kibuyu iliyoharibu ya kwanza."

Nikairudisha diski mama kwenye mkebe.

"Unafanya nini?" mkubwa akauliza.

"Siimwagi," nikasema. Hakuelewa, na sikuwa na nafasi ya kumweleza. Nikapiga magoti mbele ya kompyuta, nikaweka pua yangu kwenye ule mdomo wa juu, nikavuta pumzi.

Unsi! Ule ubani wa Kisomali unaopikwa na sukari na marashi, ambao bibi harusi hufukizwa nao mpaka ukoo mzima unajua yuko wapi. Ilinuka unsi hasa. Mjini kwetu unsi uko kwenye nguo za kila mwanamke, ndiyo maana pua yangu haikuushtukia mapema. Nikanusa nyuma kwenye feni, unsi. Nikachukua kile kifuniko cha maua nikakiweka usoni, nikapiga chafya. Chini ya meza, kwenye sakafu, palikuwa na duara dogo la majivu ambalo mtu alikuwa amejaribu kulifagia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kwetu na kwa Wasomali, mwanamke akitaka kunukia hasimami karibu na moshi tu. Anakaa juu ya makaa, anajifunika nguo mpaka shingoni, moshi unafungiwa ndani mpaka unamwingia. Ayeyo alikuwa amesikia kwamba wakubwa wa Nairobi wanakuja kumwona mgeni wetu anayenuka kiatu kipya, akaona aibu itakuwa yake. Jioni ya Alhamisi, sisi tukiwa tumeondoka, alikuwa ameiwekea kompyuta chetezo cha makaa chini, akaiteremshia kile kifuniko chake chenye marinda, akaifukiza kama bibi harusi. Sijui sehemu nyingine duniani ambako mashine imewahi kuharibika kwa kupendwa namna hiyo.

Nikacheka. Mkubwa akadhani nimepata wazimu.

"Mkubwa, nani ana redio kaseti kwenu?"

"Mimi mwenyewe ninayo. Lakini sasa hiyo ni maneno gani?"

"Sauti ikianza kuwa nzito, unafanya nini?"

"Nasafisha hedi na spiriti." Alisema hivyo haraka, maana hakuna mtu Isiolo, na vumbi letu lile, aliyekuwa na kaseti asiyejua kusafisha hedi. Ni kile kichuma kidogo kinachosoma utepe.

"Na hii ina hedi yake, ndani ya mdomo. Inasoma diski kama kaseti. Imefukizwa unsi, na unsi una sukari. Imeganda."

Akaangalia mashine, akaangalia saa yake, akaangalia kile kikaratasi chekundu kilichobandikwa nyuma juu ya skrubu, kilichosema kwamba atakayefungua atajibu mwenyewe. "Hii hatuwezi fungua. Tukifungua tutafukuzwa."

"Na tukikaa tukiiangalia tutafukuzwa vilevile. Mimi afadhali nifukuzwe nikiwa nimefanya kitu."

Kusema kweli, mdomo wangu siku zote umekuwa jasiri kuliko mimi. Mkubwa akavuta pumzi ndefu. Halafu akanigeuzia mgongo, akasimama dirishani na mikono nyuma.

"Mimi naangalia kama gari inakuja," akasema. "Mimi sioni kitu ingine."

Mtu huyo nilimpenda tangu saa hiyo. Nikakimbia zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara, nikamwomba muuguzi spiriti na pamba, akanipa akifikiri mtu ameumia. Bisibisi ilikuwa kwenye droo ya dereva. Nikaizima kompyuta, nikachana kile kikaratasi chekundu, nikafungua skrubu moja moja nikizipanga juu ya leso yangu zisipotee, nikavuta ganda lote la chuma. Harufu iliyotoka humo ndani! Ungedhani tumefungua kasha la mahari. Ule mdomo ulikuwa umepakwa utando wa rangi ya asali, mwembamba, na ulinata kidoleni.

Nikafunga pamba kwenye njiti ya kiberiti, nikailowesha, nikainua kile kimkono cha juu polepole, maana mwalimu alisema ukikivuta kwa nguvu umekiua. Nikapangusa. Pamba ikatoka ya kahawia. Nyingine, ya kahawia. Nyingine. Mama alikuwa na desturi ya kuingiza kidole ndani ya kibuyu nilichosema nimemaliza, akakitoa, akaninyooshea bila neno, na kama kidole kilikuwa na weusi nilirudi kuanza upya. Basi nikawa naitazama kila pamba kwa jicho lake. Nilisafisha mdomo wa juu, nikasafisha wa chini, nikangoja spiriti ikauke.

"Tayari?" mkubwa akauliza, bado ameangalia dirishani.

Nikatia ile diski ya kwanza, nikaiwasha. Krr, krr, krr. Hii diski siyo.

Sitasema nilichotamka, watoto wanasoma. Mkubwa akaegemea ukuta. Nikaizima, nikaitoa ile diski, nikaiinamisha kwenye mwanga nikatazama kile kidirisha chake kinachoonyesha utepe wa ndani. Palikuwa na mviringo wa utando kote ilikopita hedi. Bila shaka! Hedi chafu ilikuwa imeipaka diski asubuhi ile, na diski chafu sasa ilikuwa imeirudishia hedi uchafu. Na ya pili vilevile. Zote mbili zilikuwa maziwa yaliyokwisha kuharibika.

Kwa hiyo nilibaki na ile mama, na nafasi moja. Ikichafuka hiyo, hata fundi wa Nairobi angekuja mikono mitupu. Nikaanza upya kama msichana aliyeonyeshwa kidole cheusi. Spiriti, pamba, pangusa, tazama. Nikiwa hapo nikasikia nyayo mlangoni, nikageuka, nikamwona Ayeyo amesimama na birika, anaangalia mgeni wake amefunguliwa tumbo.

"Wallahi," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye nimemuua?"

Mkubwa akageuka upesi. "Wewe umefanya nini?"

"Hajafa, Ayeyo," nikamwahi kabla mkubwa hajaendelea. "Ameshiba harufu tu. Nenda ukatupikie chai ya mgeni, uweke tangawizi."

Hakwenda. Aliweka birika chini, akabaki pale mlangoni, midomo yake ikisoma dua. Pamba ya mwisho ikatoka nyeupe. Nikaipeleka mpaka dirishani, juani, nikaigeuza huku na huku. Nyeupe kama maziwa. Nikatia diski mama, nikafunga kikufuli chake, nikamwambia Mungu mambo mengi kwa maneno machache, nikabonyeza.

Feni. Taa. Tarakimu zikapanda. Tii.

Krr. Krr.

Na kioo kikajaa maandishi ya kijani, na mwishoni kile kidoa kikaanza kukonyeza, kinangoja nikiambie la kufanya.

Nilipiga kigelegele. Ndani ya ofisi ya mradi, Ijumaa asubuhi, nikiwa na gauni la sikukuu lililojaa vumbi magotini, nilipiga kigelegele mpaka madereva wakaja mbio wakidhani mtu ameolewa. Ayeyo akanipokea cha pili. Mkubwa akacheza, naapa, akacheza na tai yake, hatua za kwao Meru ambazo sijaziona tena kwake mpaka alipostaafu. Nilikuwa na furaha isiyo na breki. Nilijiona ningeweza kuifungua hata ndege.

Gari la mgeni liliingia nikiwa namaliza kukaza skrubu ya mwisho. Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, mwenye miwani na mkoba, mtu wa kutocheka. Alisalimia, akakaa kwenye kiti changu cha magurudumu bila kuomba, akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Ikaamka kama askari. Akaniambia nimwonyeshe mpango wa dizeli, nikamwonyesha, printa ikalia mpaka karatasi ikafika sakafuni. Mkubwa alikuwa anasema nyuma yetu, "Sisi hii mashine tunaitunza sana, sana."

Ndipo mgeni akainua pua. Akanusa. Akainama karibu na mdomo wa juu akanusa tena, na Ayeyo aliyekuwa ameshika trei ya chai akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Hii kompyuta," mgeni akasema taratibu, "mbona inanukia kama bibi harusi?"

Chumba chote kikaniangalia mimi. Ningeweza kumtaja mtu. Sikuwa na nia hiyo hata kidogo.

"Huku kwetu mgeni akija tunamfukiza," nikasema. "Ilizidi kidogo, ikaziba hedi. Nimeifungua leo asubuhi, nimeisafisha, unavyoiona. Kikaratasi chekundu nimekichana mimi, na nitajibu mimi."

Akavua miwani. "Umeifungua wewe? Na umejuaje kwamba ni hedi?"

"Nilianzia ukutani, nikaishia mdomoni. Halafu nikainusa."

Mtu yule wa kutocheka alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. Alisema kule kwenye lami zimelala kompyuta kadhaa zinangoja fundi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzinusa. Akanywa chai ya Ayeyo vikombe viwili. Kabla ya kupanda gari alimwambia mkubwa, mbele yetu sote, kwamba mashine inabaki Isiolo, na huyu msichana abaki nayo, na zile zilizolala ataletewa yeye. Mkubwa akaitikia kila neno kama amina ya kanisani. Ayeyo naye akaniapia kwamba chetezo chake hakitavuka tena kizingiti cha chumba kile, na hakikuvuka.

Siku iliyofuata nilimtafuta dereva wa lori la mifugo linalokwenda Merti, nikampa ujumbe wa mdomo: mwambie aba sanduku lilinikataa asubuhi moja, likajuta. Nilijua atakuja. Hakuwa mtu wa kuamini maneno ya dereva.

Alikuja na lori lile lile liliporudi, na fimbo yake, na kibuyu cha maziwa kilichofunikwa vizuri. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Magurudumu yalimshtua kidogo, akakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Nikaiwasha. Ilipolia tii, aliinua fimbo, kisha akaishusha polepole akitumaini sijaona.

"Ilikukataa kweli?" akauliza.

"Ilinikataa, aba. Ndani kulikuwa na masizi ya unsi. Nikaifungua, nikapangusa mpaka pamba ikawa nyeupe, halafu ndipo nikamimina."

Aliangalia kile kibuyu chake, akaangalia ule mdomo wa kompyuta, akaviangalia vidole vyangu. "Basi ni mama yako ndiye alitengeneza," akasema.

Nililia hapo hapo, na mkubwa akiwa mlangoni, na sikuona haya. Aba hakuninyamazisha. Alinimiminia maziwa kwenye kikombe cha ofisi, akangoja ninywe. Yalikuwa matamu, yana moshi, hayana masizi.

Nje lori lilikuwa linapiga honi. Dereva akachungulia mlangoni akamwambia, "Mzee, twende. Na yule mwenye ngamia ananiuliza kila siku, nimwambie nini?"

Aba alisimama, akashika fimbo yake, akajibu bila kugeuka nyuma.

"Mwambie binti yangu yuko kazini."